Uanachama Upewe Jedwali Lake

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Muhula uliopita methali hiyo ilinifika mimi, ingawa mikono yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kompyuta, au tuseme la sisi tulioielekeza.

Mimi nimo katika Chama cha Kiswahili na pia Chama cha Kompyuta. Sisi wa Kompyuta tulitunga programu ya wavuti ya kuweka orodha ya vyama vyote shuleni. Katika jedwali la wanafunzi tukaweka safu moja tu ya chama. Siku nilipoandikwa Kompyuta, Kiswahili kikafutika. Orodha ya waendao mashindano ya ushairi ilipobandikwa, jina langu halikuwemo. Loo! Nilibaki kulitazama basi likitoka langoni.

Wenzangu wakaleta dawa: ati tuongeze safu za chama cha kwanza, cha pili na cha tatu. Je, mwenye vyama vinne aende wapi? Na anayetafuta wanachama wote wa Kiswahili apekue safu ngapi? Hiyo si dawa, ni kiraka.

Mwanafunzi mmoja ana vyama vingi, na chama kimoja kina wanafunzi wengi. Uhusiano huu hudai jedwali la tatu, ambalo kila mstari wake una nambari ya mwanafunzi mmoja na nambari ya chama kimoja. Mwenye vyama vinne atakuwa na mistari minne, basi. Msingi wa kupanga data kwa majedwali uliwekwa na Edgar Codd wa IBM katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1970, kwa hivyo hatuna haja ya kubahatisha.

Ubishi ukazuka: jedwali hilo liitweje? Wengi walitaka "mwanafunzi_chama". Mimi nasema liitwe "uanachama". Si urembo wa lugha. Ukiunga majina mawili utaliona kama gundi tu. Ukiliita uanachama, utajiuliza papo hapo: ulianza lini? Ada imelipwa? Cheo ni kipi? Mimi ni mweka hazina Kompyuta, lakini Kiswahili sina cheo. Basi cheo changu hakikai kwa mwanafunzi wala kwa chama. Kinakaa katika uanachama.

Hata hapa Isiolo sokoni jambo hili si geni. Mama wa maziwa ya ngamia hununua kwa wafugaji wengi, na mfugaji huweza kuwauzia akina mama wengi. Lita, bei na tarehe si za mama wala za mfugaji, ni za mauzo. Sijasikia mtu akiyaita "mama-mfugaji"!

Kiswahili kimejaliwa majina ya mahusiano: ndoa, ujirani, ushirika, mkopo. Wenzangu, kabla hamjaunda jedwali, litafuteni jina hilo. Likikosekana kabisa, ungeni majina mawili, sitanuna.

Tukifanya hivyo, mwaka huu nitashika mbili na hakuna itakayoniponyoka.