Uamuzi Ubaki Karibu na Boila

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora sehemu kubwa ya Tanzania. Wengi wetu tunaikumbuka siku ile kwa ujumbe wa WhatsApp uliogoma kwenda. Lakini tujiulize: mtambo wa kiwanda unaosubiri amri ya seva iliyo nje ya nchi ungefanya nini?

Tuchukue mfano wa kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba. Pale vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa hupikwa kwa mvuke. Mvuke hubeba mafuta, kisha hupozwa, na mafuta ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, hutuama chini. Ni kazi ya saa nyingi. Presha ya boila ikipanda, uamuzi unatakiwa papo hapo; haungoji bando.

Ndiyo maana tunaunga mkono uchakataji wa ukingoni: kompyuta ndogo hufungwa kando ya mtambo, hupokea vipimo vya joto na presha, na kuamua hapo hapo hata mtandao ukikatika. Kisiwa kinachopata umeme tangu 2010 kwa waya uliolazwa baharini kutoka Tanga kinajua maana ya kutegemea waya. (Betri nayo iwepo.)

Waseminari watakumbuka kanuni ya auni, aliyoifundisha Papa Pius XI katika Quadragesimo Anno, 1931: ngazi ya juu isinyang'anye kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza. Lakini tusidanganywe na ukaribu. Kompyuta yaweza kukaa hatua mbili kutoka kwa mfanyakazi, huku nywila iko kwa fundi wa mbali na viwango vyake vimewekwa na mtu asiyewahi kunusa makonyo. Hapo auni iko wapi?

Kwa maoni yetu, kiwanda chochote kinachonunua mitambo hii kidai maelezo ya Kiswahili, na watu wa zamu washirikishwe kupanga viwango. Vali ya usalama ya boila ibaki ilivyo. Hiyo haihitaji kompyuta wala ushauri wetu. Mengine yote, mfanyakazi awe na kitufe cha kuisimamisha kompyuta bila kumpigia mtu simu. Na akiisimamisha usiku, asikatwe mshahara asubuhi kabla hajaulizwa aliona nini.