Aliyeitwa Naye Anahitaji Koti

Kijana akisimama mbele ya kanisa na kutangaza kuwa amepata nafasi katika chuo cha Biblia Marekani, hakuna anayemuuliza atalala wapi. Watu hushangilia. Mchungaji humwita mbele, wazee humwekea mikono, kwaya huimba, bahasha za ahadi zinaanza kuzunguka. Atakayethubutu kuuliza habari za bima ya afya au nauli ya kurudi ataonekana ameingiza baridi ibadani. Jibu lipo tayari kabla hata swali halijatoka mdomoni: aliyemwita ndiye atakayemtunza.

Imani hii imetapakaa katika makanisa ya katikati ya jiji hili la Dar es Salaam, Kariakoo, Ilala, Upanga, kwa Walutheri na Waanglikana kama ilivyo kwa Wapentekoste. Naona inawaumiza vijana kuliko tunavyotaka kukubali. Sibishi kwamba Mungu hutunza. Ninachobisha ni hiki cha kumtwisha Mungu kazi ambayo kamati ya kanisa ingeimaliza kwa vikao viwili.

Kinachokera zaidi ni kwamba watu haohao, ikifika Jumatatu, wanajua vizuri sana jinsi ya kumsafirisha mtu. Mtazame mwenye duka wa Mtaa wa Congo au Aggrey anapomtuma mdogo wake Guangzhou kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Anamtafutia mwenyeji pale Xiaobei, walikozoea kufikia Waafrika. Anamwambia kwamba maonyesho ya Canton huwa Aprili na Oktoba, kwa hiyo asifike siku hizo bila chumba. Anampa namba ya wakala atakayemwingizia mzigo kwenye kontena la kushea. Anamwonya kuhusu sampuli nzuri inayofuatwa na mzigo mbovu. WeChat inawekwa kwenye simu akiwa bado Dar es Salaam, na hesabu ya yuan kwa shilingi anaifanya kichwani hadi aizoee. Usiku wa kufika lazima apige simu, asipopiga nyumba nzima hailali. Yote hayo ni kwa safari ya wiki mbili tu. Mwenye duka huyohuyo, Jumapili, akiwa amevaa suti ya mzee wa kanisa, anamwona mtoto wa watu akienda kukaa Texas miaka mitatu, naye anampa mkono na kumtakia amani. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, alikwisha kumsema mtu anayemtakia ndugu yake amani na joto na shibe huku hampi chochote. Sijui kwa nini sura hiyo haisomwi siku za kuaga.

Ubalozini hakuna dirisha la walioitwa. Anayekwenda kusoma theolojia Marekani huomba viza ileile ya F-1 anayoomba mwenzake wa uhandisi, na chuo hakimpi fomu ya I-20 ya kuombea viza hiyo mpaka kione ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza: ada, chumba, chakula. Hapa ndipo huzaliwa uongo ambao tumeupaka mafuta ya upako. Fedha za watu watatu zinakusanywa kwenye akaunti moja, taarifa ya benki inachapishwa na kugongwa mhuri, kisha kila mtu anachukua chake. Nimesikia jambo hili likisimuliwa kama ushuhuda, na watu wakasema amina. Lakini zile karatasi zilikuwa zinauliza swali la kweli. Kijana akifika anakuta sheria za viza zinamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mwaka wa kwanza haruhusiwi kutafuta kibarua cha nje kama alivyoambiwa na binamu yake. Zile fedha alizoonyesha ubalozini zipo Kariakoo, zimegeuka viatu na vitenge.

Halafu inakuja Desemba. Vyuo vingi hufunga jiko wakati wa likizo, vingine hufunga hata mabweni, na wanafunzi wa kwao hurudi kwa mama zao. Kijana wetu anabaki na begi. Kama hakuna familia iliyopangwa mapema kumpokea, Krismasi yake ya kwanza katika nchi tuliyoiita ya ahadi ataila kwenye kochi la mtu asiyemjua vizuri. Na baridi! Tunawapandisha vijana ndege Januari kwenda Chicago wakiwa na suti ya kuhubiria na kandambili, wakati pale Karume, mwendo mfupi kutoka sokoni Kariakoo, mitumba ya makoti mazito inatandikwa chini na kupigiwa kelele. Mengine yametoka hukohuko Marekani na Kanada anakokwenda. Koti limevuka bahari kuja Ilala, linatafuta mtu wa kulirudisha, na sisi tunapita.

Anayedhani kuwaza koti ni upungufu wa imani arudi kwa Paulo. Waraka wa pili kwa Timotheo unamalizika na mtume aliyefungwa ugenini akiagiza joho lake aliloliacha Troa, na vitabu vyake, na kumsihi kijana wake afanye haraka afike kabla ya majira ya baridi. Na kanisa la Filipi halikuishia kumwombea. Lilimtuma Epafrodito na mahitaji mkononi, naye akaugua huko karibu kufa. Wale watu walijua kwamba mtumishi ana mwili.

Hata hivyo baridi humalizwa na koti. Ugumu wa darasani ni mrefu zaidi, na ndio tusioutaja kabisa. Kijana tunayempeleka kwa kawaida ni mhubiri. Kwa Kiswahili anaweza kusimama na spika pale Msimbazi, katikati ya honi za bodaboda na wauza maji, akawasimamisha watu waliokuwa wanakimbilia mwendokasi. Chuoni anapewa kurasa 100 za Kiingereza za kusoma kufikia Alhamisi, na insha ya kurasa nane yenye tanbihi. Ghafla yule simba wa Msimbazi anakuwa bubu. Profesa anamwambia amwite kwa jina lake la kwanza. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo anashindwa, kwa hiyo hamwiti kwa jina lolote na hanyooshi mkono. Kimya chake, ambacho nyumbani kingeitwa adabu, kinahesabiwa kuwa hashiriki somo, na kushiriki kuna alama.

Liko na hili. Kwetu mhubiri akirudia mahubiri ya marehemu Askofu Moses Kulola neno kwa neno, mpaka kikohozi, tunasema amerithi vazi. Hatumuulizi ametoa wapi. Maneno ya baba ni ya watoto. Chuoni, kuchukua aya ya mtu bila kumtaja ni wizi, na wizi huo unaweza kumfukuzisha mtu, na akifukuzwa viza nayo inaingia mashakani. Nani kati yetu alimkalisha kijana akamweleza jambo hilo? Lingechukua jioni moja. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unatembea kwa miguu kutoka Kariakoo. Miezi mitatu ya kukaa pale kila asubuhi, asome kitabu kigumu cha Kiingereza na kuandika muhtasari kwa maneno yake mwenyewe, ingemsaidia kuliko mikesha mitatu. Mikesha naipenda, lakini haifundishi tanbihi.

Na kuna siku mwalimu atasema darasani, bila kupandisha sauti, kwamba wataalamu hawakubaliani nani aliandika vitabu vitano vya Musa. Kijana atatetemeka. Atataka kumuuliza mtu, ila si mchungaji wake, kwa sababu mchungaji ndiye mwenye kamati ya michango.

Simu za nyumbani nazo haziulizi somo gani linamlemea. Zinauliza kama ameshapata kazi, zinakumbusha kwamba mdogo wake amerudishwa kwa ada, zinatuma picha ya paa la kanisa lisilokamilika. Mtu anayepewa chakula kwa kadi ya chuo tumemfanya mfadhili. Wengi hukata simu. Wengine huingia kwenye kazi za usiku zisizoruhusiwa, masomo yanalegea, karatasi zinaharibika, na mtu anayeyuka katika jiji kubwa asionekane tena. Tunasema dunia imemteka.

Watetezi wa imani hii wana silaha moja kubwa, nayo ni ushuhuda. Fulani aliondoka na dola 100, leo ni daktari wa theolojia. Siubishi ushuhuda wake, nabisha hesabu yake. Maikrofoni hupewa aliyefika. Aliyerudishwa uwanja wa ndege, aliyeacha chuo muhula wa pili, anayeosha vyombo kwa kujificha, hao hawaitwi mbele Jumapili. Mfanyabiashara yeyote wa Mtaa wa Swahili anajua kwamba ukiwasikiliza waliopata faida peke yao utafilisika.

Wale wakubwa tunaowataja kwa fahari hawakwenda hivyo. Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mwalimu, tena mtu wa uamsho, kabla ya kwenda kusoma theolojia Bethel, Ujerumani, na baadaye Boston. Bethel hakuangukia kwa wageni watupu: Misheni ya Bethel ilikuwa imefanya kazi kwao Buhaya tangu 1910, na njia kati ya sehemu hizo mbili ilikwisha kukanyagwa. Alirudi, akawa askofu mwaka 1964, na Juni 1977, hapahapa Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Aliitwa, sawa. Lakini pia alitumwa, na kutuma ni kazi ya watu.

Majirani zetu Waislamu wanalijua hili. Kijana wa Kariakoo anayepata nafasi Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina huenda kwa ufadhili wenye tiketi na posho, na anakuta Watanzania waliomtangulia. Al-Azhar ya Cairo ina mji mzima wa kulaza wanafunzi wa kigeni. Hakuna anayesema wale wamepungukiwa imani.

Basi harambee ijayo, kabla ya mgeni rasmi kutaja kiasi chake, nataka mhazini asome kwa sauti bajeti ya mwaka mzima, pamoja na Desemba. Kama haijatimia, kijana asubiri, asome kwanza mwaka mmoja hapa nchini, Dodoma au Makumira. Nataka tiketi ya kurudi ilipwe na kanisa, na iwekwe wazi kwamba akirudi kabla ya kumaliza hataitwa aliyeasi. Nataka kanisa litamke, mbele ya mama yake na wajomba zake, kwamba hadi amalize hakuna wa kumwomba hela.

Na awepo mtu mmoja, mwenye jina, wa kumpigia simu kila wiki na kumuuliza amekula nini na anasoma nini. Wakati wa baridi Chicago iko nyuma yetu kwa saa tisa. Kule ikiwa saa tatu usiku na vitabu vimemshinda, hapa ni saa kumi na mbili asubuhi, na wazee wetu wenye maduka wako macho wanajiandaa kufungua. Muda hauwezi kuwa kisingizio. Wala bando, kwa watu wanaoongea na Guangzhou kila siku.