Msondo Ngoma: Ladha ya zamani au mpya?

Nyimbo kongwe za muziki wa dansi zingali zinatamba jijini Mwanza, kutoka Kirumba hadi Igogo. Hata hivyo, mashabiki wa Msondo Ngoma wamegawanyika: wapo wanaodai bendi hiyo imepoteza ladha, na wapo wanaosema haina budi kwenda na wakati.

Historia inazipa pande zote hoja. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kisha Juwata, baadaye OTTU. Waimbaji wake mahiri, TX Moshi William na Muhidin Gurumo, walifariki dunia mwaka 2006 na 2014. Majina na sauti zimebadilika. Magitaa na matarumbeta yamebaki.

Nyimbo za zamani hujaza ukumbi, lakini bila tungo mpya vijana hawataingia.