Kibanda cha Zana na Mikono Midogo

Safu hii imezoea kuingia jikoni, sebuleni na katika chumba cha watoto. Juma hili tunaomba ruhusa ya kuingia mahali ambapo baba wa nyumba hapendi paguswe: kile kibanda cha ubavuni, chenye paa la bati na sakafu ya udongo, ambacho usiku hulaza pikipiki na mchana hugeuka karakana.

Hapa kwetu Kaniha, wilayani Biharamulo, vibanda vya namna hiyo si haba. Mwenye nyumba ni mkulima, lakini pia ni fundi baiskeli, au seremala wa vitanda na milango, au yote mawili kadiri msimu unavyoruhusu. Humo humo hukaa majembe, mbegu, dawa ya kunyunyizia mahindi, na kuku anayeatamia ambaye hakuna anayethubutu kumhamisha.

Hatuandiki haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Alasiri moja tulimkuta mjukuu wetu wa miaka miwili ameketi katika kibanda chetu wenyewe, ameikumbatia chupa ya soda, anahangaika na kifuniko chake. Ndani mlikuwa na petroli tuliyooshea mnyororo wa pikipiki. Ni sisi tulioiweka pale sakafuni siku mbili kabla, kwa nia ya kuiondoa baadaye kidogo. Kifuniko kilikuwa kimekazwa sana. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, hilo tu ndilo lililomkinga mtoto yule.

Mtoto wa umri ule hasomi maandishi. Husoma umbo la chupa. Akiiona chupa ya soda, kwake hiyo ni soda, hata ukiibandika karatasi kumi za onyo. Kwa hiyo petroli, mafuta ya taa, tina ya rangi, maji ya betri na dawa za shamba visitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji, hata kwa saa moja. Vibaki katika vyombo vyake, ndani ya sanduku lenye kufuli na matundu ya hewa, na ufunguo usining'inizwe kwenye msumari uliopigwa kando ya sanduku hilo hilo, kama tulivyowahi kuona. Mbegu na chakula vihamishiwe kwingine. Na ikiwa ajali imekwisha kutokea, mtoto aliyekunywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa yakipanda tena huweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa zaidi. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga ajue anapambana na nini.

Jambo jingine kuhusu petroli husahauliwa hata na mafundi wazoefu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, bali hutambaa sakafuni kimya kimya mpaka uukute moto. Kibanda kinachopakana na jiko la kuni si mahali pa kulaza dumu la petroli, hata liwe limefungwa namna gani.

Sasa tuzigeukie zana zenyewe. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kufuata utaratibu wa hatua 5 uliotoka katika viwanda vya Japani, na baadaye Wizara ya Afya ikaueneza katika hospitali nyingine nchini. Hatua hizo zilipewa majina ya Kiswahili yanayoanza kwa herufi moja: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Utaratibu unaoweza kuipanga stoo ya dawa ya hospitali unaweza pia kukipanga kibanda cha hatua nne kwa tatu.

Hatua ya kwanza ndiyo inayotutoa jasho. Wapo wanaoshauri kwamba kisichotumika kwa mwaka mzima kitupwe. Huenda hilo linafaa penye duka la vipuri kila kona. Kwetu sisi, chuma kilichopinda leo ndicho bawaba ya mwakani, na msumari uliokunjwa hunyooshwa ukapigwa tena. Tunachoshauri ni kutenganisha. Vyuma vikuukuu viwe na gunia lao nje, chini ya upenu; ndani ya kibanda kibaki kile tu kinachofanya kazi. Sisi tulipofanya hivyo tulizipata spana tatu za namba 10, ambazo kila mmoja wetu alikuwa akimtuhumu mwenzake kwamba amezipoteza.

Kisha tulipigilia mbao mbili za msonobari ukutani, juu ya kimo cha mtoto, na misumari ya kutundikia. Kila zana ilipowekwa mahali pake, tuliizungushia mstari wa mkaa: nyundo, msumeno, randa, koleo, tupa, spana namba 10, 12, 14 na 17 kwa mpangilio wa ukubwa. Patasi na vyote vyenye makali vimekaa juu kabisa. Faida ya mistari ile ni kwamba zana isipokuwepo, nafasi yake inabaki wazi na kuonekana na kila mtu. Kabla ya adhana ya Magharibi, mtazamo mmoja unatosha kujua kwamba patasi imebaki uani, wanakocheza watoto.

Misumari tuliitenga kwa madumu ya mafuta ya kula ya lita 5, yaliyolazwa na kukatwa mdomo upande mmoja. Ya bati peke yake, ya nchi 3 peke yake. Hakuna gharama hapo ila kisu.

Mchwa nao wana haki ya kutajwa, maana mbao za msonobari ni karamu kwao. Miguu ya rafu yetu imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu ya pikipiki, na makopo hayo tumeyafunika kwa bati lililotobolewa ili mkono mdogo usiingie. Mwenye kipande cha mninga na akitumie kwa miguu, kwani kiini chake huwastahimili wadudu hao. Ama kutu, dawa yake ni kuupangusa msumeno kwa kitambaa chenye oili kidogo msimu wa mvua, na kutouegemeza kwenye ukuta wa udongo wenye unyevu.

Limebaki la kuazima. Zana ya kijijini haitulii nyumbani kwake, wala haipaswi kunyimwa. Wafasiri walipolieleza neno la mwisho la Sura al-Maaun walitaja hasa vitu kama shoka, ndoo na chungu. Lakini ukarimu usioandikwa huzaa ugomvi, na mauti yakija huzaa mkanganyiko: wajane na warithi wanabaki wakigawana randa ambayo ni ya mtu mwingine. Kando ya ubao wetu limetundikwa daftari la shule. Kinachotoka na kinachoingia vyote huandikwa, kwa jina na tarehe. Mara ya kwanza jirani alicheka. Sasa huja akilitafuta daftari mwenyewe kabla ya kuomba kekee.

Mjukuu yule amefikisha miaka mitano. Kazi yake ya jioni ni kusimama mlangoni, asivuke kizingiti, na kuhesabu nafasi zilizo wazi ubaoni. Juzi alitangaza kwa sauti kubwa kwamba koleo halipo. Tulimtafuta nalo uani, tukapekua daftari, tukaanza hata kumdhania jirani. Tulikuwa tumelikalia.