Bunge la Italia limepiga shuti nje ya uwanja

Wizi wa matangazo ya soka ni wizi, hapa tusidanganyane. Klabu za Serie A zinaishi kwa fedha za televisheni, na jamaa anayeuza mechi ya Inter kwa njia za panya anakula jasho la watu. Kwa hiyo wabunge wa Italia walipoamua kumkaba, walikuwa na hoja. Shida ni kwamba waliingia uwanjani bila kujua huo mchezo unachezwaje.

Sheria namba 93 ya Julai 2023, ambayo Seneti iliipitisha bila kura ya kupinga, inazitaka kampuni za intaneti zifunge anwani iliyoripotiwa ndani ya dakika 30. Hakuna cha hakimu. Mwenye haki za matangazo anaripoti kwenye mfumo unaoitwa Piracy Shield, ulio chini ya AGCOM, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, basi, imeisha. Na mfumo wenyewe ulitolewa zawadi na ligi! Yaani mlalamikaji ndiye kamnunulia refa filimbi.

Sasa hapa ndipo walipochemsha. Anwani ya IP si mlango wa mtu mmoja. Ni geti la ghorofa, na nyuma yake zinaweza kukaa maelfu ya tovuti. Ukilipiga kufuli kwa sababu ya mpangaji mmoja mwizi, fundi cherehani wa chumba cha pili naye hatoki. Februari 2024, mfumo ukiwa bado mchanga kabisa, ikafungwa anwani ya Cloudflare, na tovuti kibao zisizojua hata kona ni nini zikapotea hewani.

Ungedhani wangerudi mezani na kuwaita mainjinia. Wapi! Oktoba 2024 wakalegeza kamba zaidi. Mwanzo anwani ilitakiwa iwe ya wizi tu. Sasa ikatosha ikiwa sehemu kubwa ya matumizi yake ni wizi. Siku chache baadaye, Jumamosi ya tarehe 19, ikafungwa anwani ya Google Drive. Mwanafunzi anatafuta kazi yake ya chuo usiku, anaambiwa ameotea.

(Hispania nako si salama, ingawa huko ni amri ya mahakama. Tangu Februari 2025, siku za mechi za La Liga, tovuti za watu wasio na hatia zinazimika.)

Mimi sisemi wezi waachwe. Nasema kama kuna dakika 30 za kufunga, ziwepo na dakika 30 za kumfungulia aliyeonewa, na aliyeripoti kimakosa alipe hasara. Sheria hiyo inamtishia shabiki anayetazama mechi ya wizi faini hadi euro 5,000. Anayezima duka la mtandaoni la mtu Jumamosi jioni, wakati wa mauzo, naye awekewe kiwango chake.