Pikapu Kuukuu Isiyobadili Gia

Pikapu kuukuu ya gia za otomatiki imesheheni mahindi kutoka Bonga kuelekea sokoni Babati. Ghafla injini yanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Fundi atoa hukumu: "Giaboksi imekufa." Usikubali kabla ya kupima, kwani gharama hiyo yaweza kumeza ada ya watoto.

Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, urudishe kwenye P. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupimwa injini ikiwaka. Chomoa kijiti, ukipanguse, urudishe, kisha usome. Ikiwa pungufu, tafuta panapovuja, uongeze oili ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Oili mpya kwa kawaida huwa nyekundu. Iliyo nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba pleti za klachi zimeungua.

Iwapo oili ni safi na ya kutosha, ilhali gia huchelewa au huingia kwa kishindo, kagua kebo itokayo kwenye kabureta, au mpira wa hewa uliopasuka kati ya injini na giaboksi. Hivyo ni vitu vya bei nafuu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.