Jalada lisilo na zimwi

Jarida la hadithi za kutisha hujitambulisha jaladani. Weird Tales la Marekani, lililoanza mwaka 1923, liliuza hofu kwa mazimwi, na mnunuzi alijua ni uongo.

Kangura toleo la 26, Novemba 1993, halikuwa na zimwi. Lilikuwa na picha ya Rais wa zamani Kayibanda, panga kando yake, na swali: silaha gani zitumike kuwashinda “inyenzi”, yaani mende, jina walilobandikwa Watutsi. Panga, chombo cha shambani! Mahakama ya Arusha ilimhukumu mhariri wake, Hassan Ngeze, mwaka 2003.

Sisi tuliosomea ukimbizini hatukuliona lilipotoka. Wapo wazazi hapa Ruhwa wasiotaka watoto walione darasani. Siafikiani nao. Mafuvu ya kuchora watoto wanayatambua wenyewe. Panga lile linahitaji mwalimu.